Ngoma Ikisimama, Miguu Huendelea

Wenzangu wa chumba cha simu,

Siku ile ya kuniaga, baada ya chai na hotuba, mliniomba niandike kidogo habari za kazi ya zamani. Nikakubali kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Sasa miezi miwili imepita na ndio kwanza nashika kalamu. Sababu ni moja tu, nimechoka. Mtu akifanya kazi ya kusikiliza kwa zaidi ya miaka thelathini, anachotamani ni kimya, na kimya chenyewe hakiji. Mvua ikigonga bati naanza kusoma herufi. Zinatoka upuuzi mtupu, na bado nazisoma. Juzi mke wangu alinikuta nagonga meza kwa kidole, akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na stesheni ya Usoke. "Na Usoke wanasemaje?" akauliza.

Habari za kupandishwa vyeo nitaziruka. Sababu mtaiona mbele, msiwe na haraka.

Niliingia reli Mwingereza akiwa na miaka michache tu nchini, vyuma vya njia bado vina maandishi ya Kijerumani ubavuni. Nilitoka seminari ya Kipalapala, ambako mapadre waligundua mapema kwamba sitafaa upadre, na walikuwa waungwana, hawakuniambia kwa ukali. Nilijua kusoma, kuandika, na Kilatini ambacho hakikunisaidia kitu. Nikapelekwa kujifunza simu ya nukta na mistari katika chumba kimoja nyuma ya stesheni ya Tabora. Ninyi leo mnainua simu ya kuongea na kusema "haloo". Sisi tulikuwa na chuma cha kugongea, na chuma kingine cha kupokelea, kilichorukaruka ndani ya kisanduku cha mbao na kutoa mlio mkavu, tak, tak-tak. Mlio huo ndio uliokuwa kazi yenyewe.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa wa mwisho darasani. Nilikuwa nahesabu. Mwalimu akigonga, mimi nahesabu moyoni fupi ngapi na ndefu ngapi, na nikimaliza kuijua herufi moja, nyingine tatu zimeshapita. Nilianza kuwaza namna ya kurudi kijijini na kumweleza baba kwamba nimeshindwa mara ya pili, na aibu hiyo ilininyima usingizi.

Aliyeniokoa alikuwa karani mmoja wa Ng'ambo, mtaa wa hapohapo Tabora, aitwaye Feruzi. Baadaye kila mtu alimwita Mzee Feruzi, nami nitamwita hivyo hapa, ingawa siku zile ndevu zake zilikuwa nyeusi tii. Alinitazama nikihangaika, kisha akasema, "Anselmi, vaa kofia, twende." Ilikuwa saa nne asubuhi. Akanipeleka mitaa ya kwao Ng'ambo, akanisimamisha nje ya ua wa matete. Ndani wanawake walikuwa wakitwanga.

"Wangapi?" akaniuliza.

"Watatu."

"Umehesabu?"

"Hapana."

"Umejuaje basi?"

Nikatega sikio tena. Tukasimama pale kama wezi wa kuku. Mara mlio ndani ukabadilika, pengo likaingia mahali palipokuwa na pigo jepesi. Mzee Feruzi akanyanyua kidole. "Nani ameacha?"

"Yule mdogo," nikasema. "Aliyekuwa anapiga kwa upole."

Akacheka mpaka mwanamke mmoja akachungulia na kutuuliza kama tumekosa kazi. Njiani kurudi akanambia, "Herufi zijue hivyo hivyo. Usihesabu. Isikie nzima, kama unavyosikia jina lako. Ukihesabu umepotea."

Baada ya mwezi mmoja nilikuwa naandika huku mlio ukiendelea, nyuma yake kwa neno moja au mawili, kama mtu anayefuata mwenzake njiani. Kazi yetu yote iko hapo. Sikio linabeba kitambo kidogo, mkono unapokea. Anayekimbia sambamba na mlio huanguka.

Siku ileile ya kinu alinipa na somo la pili, ambalo sikulipokea. Babu yake Mzee Feruzi alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe, Tabora ya zamani, mpaka pwani. Babu alimsimulia kwamba kirangozi wa msafara alitangulia na ngoma, na miguu ya watu wote ikafuata. Kirangozi akiacha kupiga ghafla, msafara hausimami. Watu wanaendelea hatua tatu, nne, wengine mpaka wanagonga mizigo ya walio mbele. "Masikio yamesikia kwamba ngoma imesimama," alisema Mzee Feruzi, "lakini miguu ina ngoma yake ndani. Jihadhari na ngoma ya ndani, Anselmi." Nikaitikia ndiyo mzee, na nikasahau, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Miaka ikaenda. Nilifanya kazi Nzega kidogo, kwa muda mfupi, katika ofisi ya simu ya serikali, nikarudi reli. Nikajifunza jambo ambalo vitabu vya kazi havikusema, kwamba kila mtu ana mkono wake. Mkono ndivyo tulivyoita namna ya kugonga ya karani. Unaweza kuwa hujamwona mtu miaka kumi, lakini akigonga herufi tatu unamjua. Ibrahimu, karani wa Usoke, alikuwa na kawaida ya kuvuta kidogo mwisho wa neno, kama mtu anayeburuta ndala. Asubuhi moja aligonga habari za mabehewa ya tumbaku, maneno yale yale ya kila siku, nami nikamjibu kwa kumwuliza kuna nini nyumbani. Kisha akagonga kwamba mwanawe amefariki usiku. Hakuniuliza nimejuaje. Nililia kwa mtoto ambaye sikuwahi kumwona, wa baba ambaye nilikuwa sijamwona uso.

Kifaa kingine cha kazi mtakicheka, ni kopo. Mlio wa chuma ulikuwa mdogo, na stesheni ina kelele, kwa hiyo tulichomeka kopo tupu la sigara nyuma ya chuma cha kupokelea ili mlio uvume. Kila karani alikuwa na kopo lake na hamwazimi mwenzake. Wapo waliogombana kwa sababu ya kopo, watu wazima wenye wajukuu.

Basi ikatokea, baada ya vita vya pili kwisha, nikapangiwa kituo kimoja kidogo kati ya Tabora na Usoke. Sitakitaja, wengine mnapunga bendera pale mpaka leo. Nilipoteremka na sanduku langu nikamkuta Mzee Feruzi. Ndevu sasa nyeupe. Nilifurahi kiasi cha kutaka kumkumbatia, lakini mtu hamkumbatii Mzee Feruzi. Nikamwamkia kutoka nyuma, "Shikamoo, mzee!" Hakuitikia. Nikarudia. Alipogeuka na kuniona, uso ukafunguka. "Marahaba, marahaba! Anselmi! Umefika saa ngapi?" Nikadhani alikuwa na mawazo.

Pale kituoni tulikuwa watatu, yeye, mimi, na stesheni masta wetu Bwana Fernandes, Mgoa mpole aliyependa kulala baada ya chakula cha mchana na kuamka na hasira. Nikaona kwamba Mzee Feruzi ameacha kopo la sigara, anatumia kopo la biskuti, kubwa, lenye picha ya mwanamke wa Kizungu na mbwa. Mlio ukawa unasikika mpaka nje kwenye mizani. Nikamtania kwamba mwakani ataleta debe. Alicheka, lakini akachelewa kucheka, alinitazama mdomo kwanza.

Siku chache baadaye niliona kidole. Ujumbe ukiingia, mkono wa kulia unaandika, na kidole cha kushoto kiko juu ya kisanduku cha mbao, kimegusa kidogo tu. Nikasimama mbele yake nikakitazama kidole kile mpaka akainua macho.

"Masikio yamekwenda, mwanangu," akasema. "La kushoto tangu zamani, na la kulia linalifuata. Lakini kidole kinasikia. Kijaribu."

Nikamjaribu. Niligonga maneno magumu, majina ya Kisukuma, namba za mabehewa kwa kasi mbaya. Hakukosa hata moja. Nilistaajabu. Yule mtu alikuwa kiziwi na bado alinishinda.

"Bado miezi minane nimalize utumishi wangu," akasema. "Wakijua, wataniondoa kama mgonjwa. Nisiagwe hata kwa kikombe cha chai."

Sikumwahidi kitu, ila sikumwambia mtu. Watu wakimwita kwa nyuma, mimi naitikia. Bwana Fernandes akimuuliza jambo, mimi naligeuza swali mbele ya macho yake. Niliona ni heshima, na nilijiona mwema. Tena sikuwa na sababu ya kuogopa, kwa sababu miezi ikapita na hakukosea.

Ninyi mnajua njia yetu ni moja tu, treni haziwezi kupishana ila vituoni. Siku zile, kabla treni haijaondoka kwetu, tulipaswa kuwauliza Usoke kwa simu kama njia ni wazi. Wakijibu kwamba ni wazi, karani anaandika kwenye karatasi ya ruhusa, stesheni masta anatia sahihi, dereva anapewa, anaondoka. Treni ya mizigo ya saa nane mchana ilikuwa ya kila siku. Swali letu la kila siku lilikuwa lile lile, na jibu la Ibrahimu lile lile. Namba ya treni, saa, njia, wazi, na ule mvuto wake mwishoni. Ungeweza kuliimba. Kwa kweli nilishaliimba, nikioga.

Siku ninayoisema ilikuwa ya jua kali, mvua zimechelewa. Nilikuwa nje kwenye mizani napima magunia, dirisha liko wazi. Treni imesimama, inapumua. Nikasikia Mzee Feruzi anagonga swali. Nikasikia jibu likianza kwenye kopo la biskuti, mkono wa Ibrahimu, namba ya treni, saa, njia. Akili yangu ikamalizia neno wazi na nikarudi kwenye magunia.

Ila jibu halikuwa limekwisha. Mlio uliendelea. Baada ya neno njia hakikuja kile kitu kifupi cha kila siku, kikaja kirefu. Imefungwa. Gengi darajani na toroli. Subiri. Nilisimama na gunia mkononi. Nilihisi kama mtu aliyeshuka ngazi gizani akadhani zimekwisha, kumbe ipo moja zaidi.

Nikatazama dirishani. Mzee Feruzi alikuwa ameshaondoa kidole kwenye kisanduku. Alikuwa anaandika karatasi ya ruhusa, ametulia, kwa ule mwandiko wake mzuri.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu haya mengine yote nimeyaandika ili nifike hapa. Nilisikia sawasawa. Na nikajiambia kwamba nimesikia vibaya. Mimi ni mwanafunzi, yule ni mwalimu wangu, hajawahi kukosea, tena jua ni kali. Nikaona aibu ya kuingia mle ndani mbele ya Bwana Fernandes na dereva nimwulize mzee kama yale aliyoandika ndiyo yaliyogongwa. Tumefundishwa wote kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetufundisha mkuu mwenyewe asiposikia inakuwaje. Nikasimama. Nikamwona dereva anapokea karatasi. Nikasikia filimbi ya gadi, msimamizi wa treni, na behewa la kwanza likavuta la pili, na la pili la tatu.

Kilichonitoa pale ni kwamba treni ile nayo ilianza kuimba mlio wake juu ya maungio ya reli, na nikawafikiria wale wa gengi, watengeneza njia. Nyapara wao alikuwa amepita asubuhi, tumeamkiana kwa Kinyamwezi, mwangaluka. Nilitupa gunia. Nikachukua bendera nyekundu mlangoni nikakimbia kando ya njia, napiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Gadi alikuwa ameinama ndani ya behewa lake la mwisho anafunga kitu. Kama angeendelea kuinama kwa pumzi chache zaidi, hadithi hii ningeisimulia mahakamani. Akainuka, akaiona bendera, akakaza breki. Treni ikasimama mbele ya kona. Nyuma ya kona ndilo daraja.

Nilikaa chini kwenye kokoto.

Niliporudi ofisini Bwana Fernandes alikuwa amewauliza Usoke tena na ameshika kichwa. Mzee Feruzi ameketi palepale, mikono juu ya meza. Alisubiri mpaka Bwana Fernandes ametoka kwenda kwa dereva, ndipo akaninyooshea kidole nikae mbele yake, aone mdomo wangu.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, mzee."

"Lini? Kabla treni haijaondoka, au baada?"

Ningeweza kudanganya. Alikuwa anasoma midomo tu, asingesikia sauti ikitetemeka. Nikasema, "Kabla."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Mimi nilikuwa kiziwi, Anselmi," akasema. "Wewe ulikuwa nani?"

Jioni gengi wakapita na toroli yao wakirudi, watu kumi na mmoja, wanasukuma wakiimba wimbo wao wa Kinyamwezi, nyapara anaanzisha na wengine wanapokea. Hawakuwa na habari yoyote. Walitupungia mikono. Mzee Feruzi alisimama mlangoni, akauweka mkono juu ya reli ya akiba iliyoegeshwa ukutani, sijui alikuwa anatafuta kusikia nini. Mimi nilihesabu sauti. Nilizihesabu moja moja mpaka zilipopotea, na ndiyo mara pekee tangu Ng'ambo niliyohesabu mlio.

Kesho yake akaja inspekta. Mzee Feruzi aliandika maelezo yake mwenyewe kwa mkono wake. Aliandika kwamba ni kiziwi, kwamba amelificha jambo hilo, kwamba kidole chake kilipokea mwanzo wa ujumbe na mazoea yake yakaandika mwisho, na kwamba karani mwenzake alikimbia na bendera. Kuhusu kusimama kwangu na gunia hakuandika hata herufi. Nilitaka kulisema mwenyewe. Nilifungua mdomo mbele ya inspekta, na inspekta akanipa mkono kunipongeza, nikaufunga.

Kwa hiyo katika mafaili mimi ndiye niliyeokoa watu kumi na mmoja. Mzee Feruzi aliondolewa bila chai. Mimi nikapandishwa cheo. Sasa mnajua kwa nini habari za vyeo nimeziruka.

Siku ya kuondoka aliomba amuage Ibrahimu. Akaketi, akagonga kwaheri kwa mkono wake ule ulionyooka, ambao nikiusikia hata leo ningeujua katikati ya mia. Kisha akaweka kidole kwenye kisanduku kusubiri. Ibrahimu akajibu kirefu sana, akamwombea, akamtajia hata marehemu mwanawe. Safari hii Mzee Feruzi hakuondoa kidole mpaka mlio wa mwisho kabisa, na baada yake akakiacha pale kwa kitambo, kuhakikisha. Akachomoa kopo la biskuti akanipa. "Hutalihitaji," akasema, "lakini uwe nalo." Alifariki Ng'ambo mwaka wa pili baada ya hapo. Sauti yake siikumbuki vizuri tena. Mkono wake ninao wote.

Kopo lipo. Mke wangu anawekea chumvi.

Mnaniuliza pia, kwa adabu zenu, kwa nini niliacha kazi kabla ya wakati, na mmekubaliana kwamba ni mgongo. Si mgongo. Mwezi mmoja kabla ya kuaga nilikuwa zamu napokea ujumbe wa kila asubuhi, ule ambao bado huja kwa chuma, na mmoja wenu alikuwa meza ya pili, mtu mzima mwenye watoto watatu, sikio zuri kuliko langu. Nikaandika mpaka mwisho. Kisha nikaona kwamba wino umekauka na chuma bado kinagonga. Nilikuwa nimemaliza kabla yake. Nikainua macho. Yule mwenzangu alikuwa ameinamia meza, anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Ulisikia?" nikamwuliza.

"Nilisikia, mzee."

"Mbona hukusema?"

Akatazama sakafu. "Nilidhani nimekosea mimi, mzee. Wewe hukosei."

Ulikuwa ujumbe wa magunia ya karanga, hakuna aliyekuwa darajani. Sikumkaripia, ningemkaripia kwa uso gani? Nilikata kosa langu kwa mstari mmoja, nikaandika sahihi, na mchana nikapeleka barua ya kuacha kazi. Yeye anajijua, na ninamwandikia kwanza yeye kabla yenu wengine.

Mnaambiana Uhuru uko karibu na viti tutakavyoviacha mtavikalia ninyi. Vikalieni. Lakini siku mkimwona mkubwa wenu anaandika kisichogongwa, msianze na shikamoo. Mshikeni mkono wenye kalamu. Shikamoo mtampa baadaye, treni ikiwa bado imesimama.